Robert Downey Jr: hela alikuwa nazo siku zote, alichokosa ni mtu wa kumdhamini

Wakuu, habari za jioni. Juzi mdau mmoja aliuliza humu imekuwaje Robert Downey Jr, yule wa Iron Man, akatoka kwenye unga na jela hadi akabeba Oscar. Majibu yakawa karibu yote ya aina moja: "Yule ana hela, ana mawakili, mzungu wa Marekani. Teja wa kwetu akishazama ndiyo basi." Nimekaa na hayo maneno siku tatu. Mdogo wangu wa tumbo moja alivuta unga miaka saba hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa natoka na tochi usiku kumtafuta. Maisha ya huyu mwigizaji nimeyafuatilia kwa sababu hiyo, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa urefu.

Tuanze na nyumbani kwao. Kazaliwa New York tarehe 4 Aprili 1965. Baba yake, ambaye naye aliitwa Robert Downey, alikuwa mwongozaji wa filamu za bajeti ndogo, na alimwingiza mwanawe kwenye filamu yake akiwa na miaka mitano. Akiwa na miaka kama sita, baba huyohuyo akampa bangi avute. Alikuja kujutia sana, na Downey mwenyewe amewahi kueleza kwamba walipokuwa wakivuta pamoja ilikuwa kama baba anamwonyesha upendo kwa njia pekee aliyoijua. Watu wanadhani anayekuonjesha ni adui. Mdogo wangu alionjeshwa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, na kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa akimnunulia chipsi na kumlipia kiingilio cha kibanda umiza. Alimpenda kweli yule kaka. Alimlilia siku ya mazishi yake.

Kipaji hakuna anayebisha. Mwaka 1987 aliigiza kijana wa kitajiri anayemalizwa na madawa katika Less Than Zero. Alikuja kusema kwamba kabla ya hapo alikuwa akitumia baada ya kazi na wikendi tu, na yule mhusika alikuwa kama yeye aliyetiwa chumvi. Baadaye yeye ndiye akawa yule mhusika aliyetiwa chumvi. Mwaka 1992 akacheza maisha ya Charlie Chaplin, na kwa ajili hiyo akajifunza kupiga fidla na kucheza tenisi kwa mkono wa kushoto. Akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 27.

Sasa 1996. Mwezi Juni polisi walimsimamisha kwa mwendo kasi, wakamkuta na heroini, kokeini na bastola isiyo na risasi. Mwezi uliofuata akaingia kwenye nyumba ya jirani kule Malibu, akapanda kitanda cha mtoto wa nyumba ile, akalala fofofo. Wenye nyumba wakapiga simu polisi. Hii habari watu huisimulia kwa kicheko, mimi siwezi kuicheka. Mdogo wangu alikutwa alfajiri moja amelala ndani ya ua wa watu, mtaa wa tatu kutoka kwetu, kiatu kimoja mguuni, kingine kakikumbatia, anadhani yuko kwetu. Mama wa nyumba ile alikuwa amemnyoa nywele za utotoni, akamtambua uso, akaja kunigongea badala ya kupiga yowe. Mnajua wenyewe yowe la mwizi saa kumi na moja alfajiri linaishaje huku kwetu. Kwa hiyo wanaosema Downey alikuwa na bahati ya mahali, hapo nakubaliana nao kabisa.

Akapewa kifungo cha nje na masharti ya kupimwa mara kwa mara. Akakosa kupimwa, mwaka 1997 akawekwa mahabusu ya Los Angeles karibu miezi minne. Akakosa tena 1999, na mwezi Agosti Jaji Lawrence Mira akamhukumu miaka mitatu, akapelekwa gereza la Corcoran. Mbele ya jaji alisema maneno ambayo hayanitoki kichwani: kwamba ni kama ana bunduki mdomoni, kidole kiko kwenye kifyatulio, na anaipenda ladha ya chuma chake. Nilimtafsiria mdogo wangu maneno hayo. Akaniambia, "Kaka, huyo hakuongopa. Starehe inaisha mwezi wa kwanza. Baada ya hapo unavuta ili arosto isikuue, na bado unaipenda."

Kwa wasioijua arosto: ni mwili unaodai. Makamasi, mifupa inauma kama imepigwa nyundo, tumbo linaendesha, usingizi hakuna. Nimemshika mtu mzima wa kilo arobaini na tano akitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

Agosti 2000 Downey akatoka, baada ya karibu mwaka mmoja. Hapa nawaomba wale wa hoja ya hela msome taratibu. Ndani ya siku chache tu akachukuliwa kwenye tamthilia kubwa ya televisheni, Ally McBeal. Watazamaji wakampenda, Januari 2001 akapewa Golden Globe. Lakini kati ya kutoka kwake na tuzo hiyo, mwezi Novemba, alikuwa ameshakamatwa tena na madawa hotelini Palm Springs. Na Aprili 2001 polisi wakamkuta Culver City anazurura, wanashuku ametumia. Akafukuzwa kazi palepale.

Miaka yote hiyo hela ilikuwepo, mawakili walikuwepo, vituo vya tiba vya bei mbaya alivipitia. Umaarufu ulikuwa juu. Na ndiyo miaka aliyoanguka vibaya kuliko yote. Kwa hiyo hela inaweza kukupunguzia jela, lakini kukutoa kwenye unga ni jambo jingine. Kilichomwokoa asirudi Corcoran mara ile ni sheria mpya ya California ambayo wananchi waliipigia kura Novemba 2000, kwamba anayekamatwa na madawa ya kutumia mwenyewe apelekwe tiba badala ya gereza. Akapelekwa tiba.

Akatoka huko akiwa na nafuu, akakuta mlango umefungwa. Na mlango wenyewe ni bima. Filamu ya Hollywood haianzi kupigwa picha mpaka kampuni ya bima iweke dhamana kwamba itakamilika. Maana mwigizaji mkuu akitoweka katikati, mmepiga nusu ya picha na uso wake, mnaanza upya. Hasara ya mamilioni. Bila hiyo dhamana mwenye mtaji hatoi fedha. Kampuni za bima zilimkataa Downey. Mwongozaji Woody Allen alimtaka kwenye filamu yake, akashindwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu ana kipaji, ana nafuu, anatakiwa na wakubwa, na bado hawezi kufanya kazi yake kwa sababu hakuna anayekubali kubeba hasara yake.

Aliyembeba kwanza ni mwigizaji Mel Gibson, rafiki yake tangu walipocheza filamu pamoja mwaka 1990. Kwenye The Singing Detective ya 2003 Gibson alilipa yeye hiyo dhamana ya bima kutoka mfukoni. Kisha kwenye Gothika, mwaka uleule, mtayarishaji Joel Silver akaja na njia yake: alishikilia asilimia 40 ya malipo ya Downey mpaka filamu iishe. Ukimaliza unachukua chako, ukitoweka hela inafidia hasara. Masharti magumu, lakini ni kazi.

Niliposoma hiyo ya asilimia 40 niliweka simu chini. Mdogo wangu aliingia kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, mwaka 2014. Huduma hiyo ilianza Muhimbili 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, na haulipii dawa. Kinachokutesa ni nauli ya daladala kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Unafika dirishani, nesi anakupimia dozi kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, unaambiwa useme jina lako ili aone imeshuka. Ndani ya miezi michache mwili ulirudi. Alinenepa mashavu. Lakini kazi hakuna aliyempa. Tulizunguka mitaa yote, na kila aliyemfahamu alikuwa ameshaibiwa kitu: pasi, betri, hata sufuria ya mama lishe ikiwa na maharage ya moto. Kuna kiwanda kimoja kilimkubalia, wakapata habari zake, wakamrudisha getini siku ya pili.

Mzee mmoja fundi samani wa Keko ndiye aliyesema mlete. Hakumkumbatia wala kumpa maneno matamu. Alimwonyesha fremu ya kitanda cha sita kwa sita, akampa msasa, akamwambia, "Ufundi wa kitanda kimoja ni elfu thelathini. Jumamosi unachukua ishirini. Kumi nakaa nayo mimi mpaka mwisho wa mwezi. Ukikimbia, ni yangu." Nilikasirika, nikaona anamnyonya. Mdogo wangu hakukasirika. Alipiga msasa mguu ule wa mninga mpaka ukawa laini kama ulimi, mikono ikimtetemeka, anasimama anaifuta kwenye suruali, anaendelea. Asubuhi anapitia kliniki kwanza, saa nne yuko Keko. Mwisho wa mwezi mzee akamhesabia elfu kumi zake zote nne. Alizileta nyumbani kwenye bahasha, hakuzifungua, akampa mama.

Kuhusu Downey wengi hupenda kusimulia ile ya Burger King: kwamba mwaka 2003 alisimama kula baga huku gari limejaa madawa, baga ikamchefua, akaona jambo baya linakuja, akaenda kutupa kila kitu baharini. Kaisimulia mwenyewe, na siipingi. Ila nimeshaona mtu akitupa kete chooni mara nne kwa kiapo, na kurudi maskani mara nne. Kutupa ni siku moja. Mimi naiangalia zaidi miaka iliyofuata: matibabu, mikutano ya wanaoacha, mazoezi ya kung fu ya Wing Chun, na Susan Levin, mtayarishaji aliyekutana naye kwenye kazi ileile ya Gothika, ambaye alimwekea wazi kwamba akitaka kuwa naye madawa yaishe. Walioana Agosti 2005.

Iron Man mnaijua, sitakaa sana. Marvel, kampuni yenye filamu hiyo, hawakumtaka kabisa. Mwongozaji Jon Favreau akamng'ang'ania, Downey akafanyiwa majaribio mbele ya kamera kama kijana anayeanza, akiwa na miaka arobaini na ushee. Filamu ikatoka Mei 2008, ikaingiza zaidi ya dola milioni 580. Jarida la Forbes likamtaja mwigizaji wa kiume anayelipwa zaidi duniani 2013, 2014 na 2015. Mkesha wa Krismasi 2015, Gavana Jerry Brown wa California akampa msamaha rasmi wa kosa lake la 1996. Na Gibson naye aliposhuka kwa makosa yake mwenyewe, mwaka 2011 Downey alisimama mbele ya wakubwa wa Hollywood akawaomba wamsamehe na wamwache afanye kazi. Wengi walimlaumu kwa hilo. Mimi namwelewa, deni lile si la fedha.

Turudi kwenye "teja wa kwetu ndiyo basi". Mkuu uliyeandika hivyo, una haki kwenye nusu ya maneno yako. Corcoran alikuwa na wenzake waliokamatwa na kete ndogo kuliko zake, na hakuna tamthilia iliyokuwa ikiwasubiri getini. Rangi na jina vilimsaidia. Lakini ile nusu ya pili, "ndiyo basi", ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zote, kwa sababu mdogo wangu anasoma humu. Alimaliza dozi yake ya mwisho 2019, baada ya kupunguziwa kidogo kidogo na madaktari. Ana benchi lake mwenyewe pale Keko, na vijana wawili chini yake. Mmoja anatoka kliniki.

Usiku wa Oscar ule wa Machi 2024, wakati Downey anachukua tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa Oppenheimer, huku kwetu ilikuwa Jumatatu alfajiri. Nilimpelekea video kwenye simu mchana, tukaangalia tumekaa juu ya mbao, nikimtafsiria. Downey alishukuru utoto wake mbaya. Akamshukuru mkewe, kwamba alimkuta kama mnyama wa kuokotwa anayeng'aka, akampenda mpaka akarudi kuwa hai. Kisha akamshukuru wakili wake wa miaka arobaini, akasema nusu ya miaka hiyo aliimaliza akimtafutia bima na kumtoa rumande.

Mdogo wangu akauliza, "Bima ya nini tena?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa, yule wa asilimia 40 na yote. Akawa kimya, anakwangua gundi kwenye ukucha.

"Kama ile elfu kumi ya mzee," akasema.

Akaniambia nirudishe nyuma, aione tena.