Taa za LED kwa MX-5 ya macho ya kuinuka

Buda, umeuliza kama taa za LED za inchi 7 zitaingia kwa hiyo Mazda MX-5 yako ya 1992, ile ya taa za kuinuka, bila kukata kitu. Zitaingia, lakini pima kina kwanza, kwa sababu zingine ziko na mgongo mnene wa kupooza joto na ukishusha taa huo mgongo unagonga chuma kule ndani, mi yangu ilikwaruza wiki nzima nikidhani ni mota ya kuinua taa inakufa.

Kabla uweke mkono hapo, inua taa halafu uchomoe fyuzi ya mota. Usicheze, ile kitu inafunga na vidole ndani.

Waya acha ulegee kidogo, taa ikipanda na kushuka isivutwe. Fundi wangu aliifunga tait na zip tai, siku tatu taa ya kushoto ikazima.

Na ukienda Kirinyaga Road, kule Nairobi kwa spea za gari, uliza taa za nchi ambapo gari hupita upande wa kushoto wa barabara kama hapa kwetu, hizi za Marekani zinarusha mwanga kulia, utapofusha watu wote Mombasa Road. Ukimaliza simamisha gari mbele ya ukuta usiku uzipange, skrubu za kurekebisha ziko kando ya taa.