Mama anaijua mbuzi, jina ndilo halimjii

Suali: Assalamu alaykum. Mama yangu, tuko Wete, alipata kiharusi miezi minne nyuma. Anatembea na tukisema anafahamu, lakini akitaka kutaja kitu jina halimjii. Jana kaishika mbuzi ya kukunia nazi, kabaki "hii... hii ya...". Sisi humwanzia neno, pengine tukamtajia lote. Tunafanya sawa?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Hiyo ni afasia, yaani shida ya lugha inayoletwa na kuumia kwa ubongo, na mara nyingi huja kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo. Akili ya mama ipo. Neno nalo aghlabu limo, njia ya kulifikia ndiyo iliyoziba, kwa hivyo msiseme naye kitoto.

Mkimtajia papo hapo, mnamnyima zoezi lenyewe. Anzeni na maana. Mwacheni aishike mbuzi, muulizeni: ya kufanyia nini? Inawekwa wapi? Ina nini pale mbele? Akijibu kwa mkono, kwa ishara ya kukuna, pokeeni. Akisema "nazi", msimkosoe, keshafika jirani. Kisha nyamazeni. Hesabuni kimoyomoyo mpaka 10. Najua kunyamaza huko kunavyouma unapomtazama mzazi wako akihangaika.

Likikataa, ndipo mumsaidie kwa sauti, na hapa Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu. Tuseme anatafuta neno kikombe. Ukimwambia "ki..." hujamsaidia: kisu, kijiko, kikombe, kiti, kifuu, vyote vinaanza hivyo. Ingieni ndani ya neno, "kiko...", au mwacheni amalizie sentensi: "Chai naitia kwenye kiko...". Likikataa tena, mtajieni, alirudie, kisha muulizeni baada ya dakika chache, na tena jioni.

Dakika 15 asubuhi, 15 alasiri, akichoka, wacheni. Ila kauli ikiharibika ghafla kuliko ilivyo sasa, au mdomo ukaenda upande, au mkono ukalegea, hiyo si kazi ya mazoezi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Maneno yachagueni naye, kama 15 ya kuanzia. Faida ya mazoezi haya huonekana zaidi kwenye maneno yaliyofanyiwa kazi, na hayo mengine hayafuati sana. Kwa hivyo picha za matofaa na theluji kwenye vitabu vya kigeni ziacheni. Chukueni upawa, kawa, mkeka wa kusalia, majina ya watu wa nyumbani. Mimi ningeanza na jina la mjukuu anayelala naye, maana huyo ndiye anayemwita kutwa.