Upepo unakumalizia mafuta nyuma ya gari, sio mbele

Mkuu umeuliza kwanini Prius imekatwa nyuma ghafla wakati inasifiwa kwa kupasua upepo, na kama ukifunga spoila kubwa (kile kibawa cha nyuma) ulaji wa mafuta utapungua. Nina Prius 20, kabla yake nilikuwa na Noah, na njia yangu ni Dar Dodoma, kwahiyo hili nalijua.

Pua kali sio ishu kama watu wanavyodhani, pua ya mviringo inatosha kabisa. Kasheshe ipo nyuma. Hewa ikishindwa kufuata bodi inaachia, panabaki presha ndogo inayoivuta gari irudi nyuma. Pita na Noah barabara ya vumbi halafu ukisimama kaangalie kioo cha nyuma, kimepakwa chote hata kama uko peke yako barabarani, ni ile hewa inazunguka pale mgongoni na kulirudisha vumbi la matairi yako mwenyewe.

Shepu bora ni ya tone la maji, nene mbele na mkia mrefu unaopungua taratibu. Wajerumani walijua zamani, gari la Rumpler la 1921 lilipopimwa na Volkswagen mwaka 1979 kwenye handaki la upepo lilipata Cd 0.28 (Cd ni namba ya jinsi shepu inavyokinzana na hewa, ndogo ndio bora), kuna gari mpya kibao leo hazifiki hapo! Sasa mkia mrefu vile utapaki wapi? Miaka ya 1930 mhandisi Wunibald Kamm kule Stuttgart akaonyesha kwamba paa likishuka taratibu unaweza kuukata mkia na faida kubwa ikabaki. Ndio Prius hiyo, Cd 0.26. Papasa ule ukingo unaokatiza kioo cha nyuma, wameuacha mkali makusudi ili hewa iachie pale pale kwa mpigo, wangeuviringisha hewa ingejivuta kushuka na kuongeza ule mvuto wa kurudi nyuma.

Ila Cd peke yake haitoshi, unazidisha na ukubwa wa uso wa gari, ndio maana Noah na kimo chake inateseka ukianza kukanyaga. Na nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi, kutoka 80 kwenda 110 inakaribia mara mbili, hapo hata hujapandisha mlima.

Kwahiyo hiyo spoila ya dukani achana nayo mkuu, ukingo wa kiwanda umeshapigiwa hesabu na wewe unaenda kuuvuruga. Kama una keria juu na hubebi kitu ishushe, mimi yangu nafunga siku ya mzigo tu na tofauti naiona kwenye skrini ya matumizi nikishavuka Chalinze.