Feni ya Ndani Ikigoma, Usikimbilie Gesi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa AC hapa Mtwara, naomba mnisikilize kabla hamjabeba mtungi.

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa nyumba moja Shangani. AC haipoozi, koili ya ndani (mabomba yanayopooza hewa ya chumba) imeganda barafu. Nikasema gesi imepungua, nikaongeza. Kesho yake mama mwenye nyumba akapiga simu: barafu imerudi, maji yanachuruzika ukutani. Nilikuwa nimechukua pesa yake kwa ubovu ambao haukuwapo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Feni ya ndani ndiyo iliyokuwa imechoka. Hewa ya chumba isipopita kwenye koili, koili hushuka chini ya nyuzi 0 na unyevu unaganda. Gesi ikipungua nayo hugandisha hivyohivyo, ndiyo maana wengi tunapotelea hapo.

Zima breka, hakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika, halafu zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa iteleze. Ile ya Shangani ilikwenda nusu mzunguko ikasimama, na ukitega sikio unasikia inakwaruza. Bushi ya mpira, ile inayoshika ncha ya feni upande usio na mota, ilikuwa imekauka na kushikwa na vumbi la chumvi. Pwani kwetu hii mtaikuta sana.

Ikiwa inateleza lakini ukiwasha inanguruma tu, pima kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka. Ya feni ya ndani ni ndogo, mara nyingi maikrofaradi 1 hadi 2.5, nunua yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Feni ikiondoka vizuri kisha ikajizima, msiilaani haraka bodi, yaani sakiti inayoongoza AC. Ndani ya mota mna sensa inayoiambia bodi kasi ya feni, na bodi isipopata ishara hiyo huzima. Weka mita kwenye volti za DC, pima waya wa ishara huku ukizungusha feni polepole kwa mkono: namba ipande na kushuka, kwa kawaida kati ya 0 na 5. Namba isipobadilika, sensa imekufa. Wakati wa kipimo hiki bodi ina umeme, na hata upande wa volti ndogo unaweza kukupiga.

Mota za feni za DC zenye waya 5, za AC za inveta (zinazobadili kasi zenyewe), zinabeba takriban volti 310. Usichomoe wala kuchomeka soketi yake umeme ukiwapo, utaiua.

Kwa yule mama nilirudi na bushi mpya, nikavuta gesi yote, nikajaza upya kwa mizani kama kibandiko kinavyosema. Sikumtoza.