Kamba ya nailoni inayozidi kurefuka: utumie modeli ipi?
Mdogo wangu, umesema umetundika ndoo ya mchanga kwa kamba ya nailoni uliyonunua Kongowea, ukapima urefu siku mbili, na modeli ya Maxwell haikubaliani na vipimo vyako. Haitakubali. Maxwell ni springi na pistoni iliyo ndani ya mafuta mazito, vimefuatana kama mabehewa. Uzito ukibaki uleule, pistoni huteleza bila kikomo. Kwa hesabu hiyo ndoo ingefika sakafuni! Modeli hiyo inafaa jambo jingine: unaivuta kamba, unaifunga isibadilike urefu, kisha unatazama nguvu ikishuka.

Modeli ya Kelvin-Voigt huweka springi na pistoni sambamba, lakini hukosa ule mnyumbuko wa papo hapo ndoo inapoachiwa. Ongeza springi moja mbele yake:

nyongeza ya urefu = F/k1 + (F/k2)(1 − e^(−t/τ))

Hapo F ni nguvu ya uzito wa ndoo, t ni muda tangu ndoo iachiwe, k1 ni ugumu wa springi ya mbele, na k2 ni ugumu wa springi iliyo sambamba na pistoni. τ = c/k2, na c ni ukinzani wa pistoni. Mnyumbuko wa mwanzo unakupa k1. Urefu unaokuja polepole ukifika kama asilimia 63 ya kikomo chake, muda huo ndio τ.

Usipime kila saa tangu mwanzo, utapoteza sehemu tamu. Anza kwa sekunde, kisha dakika. Na τ moja huenda isitoshe siku mbili, maana minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda nailoni, haijipangi upya kwa mwendo mmoja. Ongeza jozi ya pili ya springi na pistoni sambamba, yenye τ yake.

Halafu nailoni hunywa unyevu ikalegea, na hewa ya Mombasa unaijua. Andika joto na unyevu kila unapopima.