Andikeni kazi yao wakiwa hai

Wahariri, mmeuliza wiki hii kama vyombo vya habari vinawatendea haki wanariadha wa kike katika michezo ya kimataifa. Nafasi wanapata, hasa sisi Wakenya tunapotwaa medali. Kinachokosekana ni kazi yao yenyewe.

Juni 26, 2025, mkimbiaji wetu Faith Kipyegon alijaribu mjini Paris kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Akatumia dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Kesho yake nikasoma kwamba ameshindwa. Ameshindwa vipi, jamani, na rekodi yake ya dunia ni 4:07.64? Muda ule haukuidhinishwa kuwa rekodi, maana walikuwamo wanaume waliomwongoza, lakini miguu ilikuwa yake. Siku tisa baadaye, kule Eugene, Marekani, akavunja rekodi yake ya mita 1,500 kwa 3:48.68. Siku hiyo hiyo Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 5,000 chini ya dakika 14, huku Gudaf Tsegay wa Ethiopia, mwenye rekodi ya awali, akiwa kwenye mbio hizo hizo. Alimwacha wapi? Nilitafuta masimulizi ya mizunguko ya mwisho, nikaambulia muda na picha ya bendera.

Linaloniuma zaidi ni habari za Rebecca Cheptegei wa Uganda. Wengi walilisikia jina lake Septemba 2024, alipomwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafia hospitalini Eldoret. Wiki chache kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki. Mwaka 2022 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani, Chiang Mai, Thailand. Nani alimhoji wakati huo? Agnes Tirop naye alivunja rekodi ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee Septemba 2021, dakika 30 na sekunde 1. Aliuawa mwezi uliofuata huko Iten, mji wetu wa mazoezi ya wakimbiaji, na kifo chake kikaandikwa kurasa nyingi kuliko rekodi ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri ni hili: mtumeni mwandishi akae Iten wakati hakuna mashindano. Aulize msichana wa miaka 17 anafundishwa na nani, nani anasaini mikataba yake, na hati ya shamba lililonunuliwa kwa zawadi zake ina jina la nani.