Mikutano kujirudia baada ya kupandisha Debian 9 hadi 10

Ndugu, kama DAViCal (programu ya seva ya kalenda) ilikuwa shwari miaka yote na imeanza kurudia mikutano baada ya kupandisha seva kutoka toleo moja la mfumo wa Debian hadi jingine, diski usiihangaikie kwanza. Debian 10 ilikuja na glibc 2.28 (maktaba ya msingi ya mfumo), iliyobadili mpangilio wa herufi ambao PostgreSQL, hifadhidata ya DAViCal, inautegemea. Zamani "11" ilitangulia "1-1", sasa ni kinyume. Majina ya matukio ya kalenda yamejaa vistari, basi faharasa za zamani (orodha ambazo hifadhidata hutumia kutafutia) zimevurugika: seva inatafuta mkutano pasipo, haiuoni, inaandika mwingine.

Andika \l ndani ya psql (programu ya kuamrisha PostgreSQL). Ukikuta Collate (mpangilio wa herufi) ni C, hili si lako. Ukikuta en_US.UTF-8, chukua nakala kwa pg_dump, kisha piga REINDEX DATABASE, yaani kujenga faharasa upya, usiku, watu wakiwa wametoka, maana majedwali hufungwa. Ikigoma kwa sababu ya thamani zilizojirudia, tafuta dav_name (majina ya matukio) zilizo mbilimbili kwenye jedwali la caldav_data, futa moja, rudia. Ila linganisha tarehe za marekebisho kwanza. Mimi nilifuta kwa pupa, kikao cha bosi kikarudi kwenye saa ya zamani, akakaa ukumbini peke yake.